Herufi Mbili za Mwisho

Siku kiwanda cha uchapishaji kilipowapunguza wafanyakazi waliovuka miaka hamsini, Asali, aliyeitwa hivyo kwa utamu wa ulimi wake, alikuwa amesimama langoni, suti imenyooka, uso umevaa huzuni ya kuazima. Kila mzee alitoka na bahasha ya kiinua mgongo. Asali, mtu wa huruma, aliwaonea uchungu kwa kubeba mzigo ule peke yao.

Kesho yake alikodi chumba, akaweka kompyuta, printa na kibao: "Ajira kwa Wenye Uzoefu." Wazee wakamiminika. Ada ilikuwepo, kazi hazikuwepo.

Mwezi wa pili akaingia msahihishaji, mmoja wa waliopunguzwa kiwandani, aliyewinda makosa katika vitabu vya watu kwa miaka thelathini. Alipoonyeshwa mfano wa barua ya ajira, alichomoa kalamu nyekundu.

"Mwanangu, huyu 'Mkurungezi' ni nani? Na muhuri umepinduka. Barua hii itakufunga."

Asali akatabasamu. Dawa imejileta yenyewe! "Basi mzee wangu, niandalie barua wewe. Mshahara nusu ya ule wa zamani. Kwa umri wako, huo ni upendeleo."

"Kwingine wakiona mvi wanasema robo. Nimekubali. Ila tuandikiane mkataba."

"Andika, bingwa ni wewe."

Printa ikatema kurasa nne. Asali, aliyejengewa maisha na watu wanaosaini bila kusoma, alisaini zote huku akiongea na simu.

Kesho yake asubuhi alikuta wazee sita chumbani, kila mmoja karudishiwa ada yake. Msahihishaji amekalia kiti cha bosi.

"Mzee, umepagawa? Mwajiri ni mimi!"

"Soma mkataba taratibu. Mwajiri ni mimi, wewe ni mwajiriwa. Herufi mbili tu, mwanangu. Na mkataba unasema chumba hiki, mashine na makusanyo viko mikononi mwa mwajiri."

"Nakwenda polisi!"

"Twende wote. Barua zako ninazo."

Asali akajitupa kwenye kiti kilichobaki, ulimi umemkauka.

Mzee akavua miwani. "Tutachapa kadi na risiti. Mshahara wangu wa zamani sitaupata tena, hata hapa, na hilo linaniuma. Lakini hakuna tena wa kunifukuza kwa sababu ya mvi."

Mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja anayetaka kadi za harusi ya bintiye.

"Mwajiriwa," mzee akaita, "mpishe mgeni akae."

Asali akasimama.