Kuhusu Kumleta Mzazi Shuleni Nikiwa na Miaka Hamsini na Nane

Polikarp Mapunda,
Mshangano,
Songea.

Kwa Mkuu wa Kituo,
Kituo cha Elimu ya Watu Wazima Alasiri,
Songea.

Ndugu Mkuu wa Kituo,

YAH: OMBI LA KUFUTA KANUNI INAYOMTAKA MWANAFUNZI MTORO ARUDI NA MZAZI AU MLEZI

Kichwa cha barua kimeshasema ninachotaka, lakini naona ni heri nieleze, maana ukisoma kichwa peke yake utadhani nimekuwa mkorofi.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mchana, katika kundi la wanaomalizia elimu ya msingi. Ni mume wa mke mmoja, babu wa wajukuu kadhaa, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo hapa Mshangano, na ndiye ninayeitwa ndoa za watu zinapoyumba. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Mwaka huu, baada ya mvua kukatika, niliona nirudi nikamalizie. Nilijisajili kwa hiari yangu, nikanunua daftari na kalamu, na kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Kuhusu mimi kuhesabiwa mtoro

Mashine ya kupukuchua mahindi ilifika Maposeni, ambako nina shamba la urithi. Mkulima yeyote atakuambia kuwa mashine hiyo haimsubiri mtu. Ikikupita hujajiandaa, utapiga mahindi kwa fimbo mpaka mvua nyingine. Kwa sababu hiyo sikuonekana darasani siku tatu mfululizo.

Niliporudi, Mwalimu Jane, ambaye kiumri ni sawa na kitindamimba wangu, alinisimamisha mlangoni. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanifukuza. Alinionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Ni kanuni za shule ya msingi inayotuazima chumba chake watoto wakishatoka, na imeandikwa wazi kuwa mtoro atapokelewa akija na mzazi au mlezi. Nikamweleza kwa upole kwamba karatasi hiyohiyo inakataza kucheza gololi darasani, kwa hiyo haikutungwa kwa ajili yetu. Akajibu kuwa Kituo hakina kanuni nyingine, na kwamba kituo kisicho na kanuni ni kijiwe.

Kesho yake nikaenda na mke wangu, Ida. Mwalimu alimuuliza kama yeye ndiye mlezi wangu. Ida alifikiri kidogo, akasema hapana, yeye hakunilea, alinikuta hivi hivi. Tukarudi nyumbani wote wawili.

2. Kuhusu ushahidi uliotolewa na mzazi

Mama yangu mzazi, Lidwina, anaishi Maposeni na hajawahi kukubali kuhamia mjini, kwa madai kwamba mjini watu wananunua hata mchicha. Umri wake hakuna anayeujua kwa hakika. Nilimfuata kwa bodaboda nikitegemea kupata mtetezi. Alivaa kitenge chake cha Pasaka na kumbeba kuku kwa ajili ya mwalimu.

Tulipofika aliketi kwenye benchi, akaomba aelezwe kosa. Alipoambiwa siku tatu, aliuliza tatu zipi. Kisha akamfahamisha Mwalimu Jane, mbele ya darasa zima, kwamba mahindi yetu yalikwisha siku ya pili kabla ya chakula cha mchana, na kwamba siku ya tatu mimi nilikuwa kwa jirani kwenye pombe ya komoni. Mwanahawa, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru ambaye naketi naye dawati moja, alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio wake.

Naomba ieleweke kuwa sikanushi habari ya komoni. Ninacholalamikia ni kwamba kanuni inamwita mzazi bila kumwelekeza awe upande wa nani.

Kuku alikataliwa kwa sababu za kimaadili.

3. Kuhusu mzazi kugoma kuondoka

Nilipopokelewa darasani nilidhani mambo yamekwisha. Mama akasema hapana. Alisema amenijua muda mrefu kuliko Kituo, na kwamba mtu wa namna yangu hurudi shule siku anayoletwa na kupotea siku inayofuata. Akaamua kukaa nyumbani kwangu na kunisindikiza kila mchana. Alikuwa anaketi nyuma kabisa na fimbo yake magotini, akinitazama kisogoni.

Mwalimu Jane alimwambia kwa heshima zote kuwa asiye mwanafunzi haruhusiwi kukaa darasani. Hapo ndipo udhaifu wa pili wa kanuni zako ulipojitokeza, Ndugu Mkuu. Kanuni za kujisajili zinampokea mtu mzima yeyote na hazitaji ukomo wa umri. Mama akajisajili. Alipoulizwa kwa nini hakusoma miaka yote hiyo, alisema alikuwa anasubiri mimi nimalize kwanza.

4. Kuhusu kusoma chumba kimoja na mzazi

Kama unavyofahamu, tuna chumba kimoja na ubao mmoja, uliogawanywa katikati kwa mstari wa chaki. Upande wa kushoto ni wanaoanza herufi, upande wa kulia ni sisi. Kwa mpango huo, mama yangu anaketi mbele kushoto na anasikia kila swali ninaloulizwa. Nikikosa, anashusha pumzi. Si kwa sauti kubwa, lakini wenzangu wote sasa wanaisubiri ile pumzi kabla hawajaniangalia.

Wakati wa mapumziko ananiita kwa jina la utotoni, Poli, nikale kwanza ndipo nikazungumze na wenzangu. Ananiletea makande kwenye kibakuli chenye mfuniko. Tukifika nyumbani anadai daftari. Wakati huo alikuwa hajui kusoma, lakini alama ya kosa aliijua kabla ya kuijua herufi a, na anapoikuta ananiuliza hii nyekundu imefuata nini hapa.

Jambo lililonivunja nguvu zaidi lilitokea kwenye sala za jumuiya, nyumbani kwangu, mimi nikiwa mwenyekiti. Ulipofika wakati wa maombi ya waamini, mama aliomba tumkumbuke mwanafunzi mmoja, ambaye hakumtaja jina, anayesumbuliwa na hesabu za sehemu. Jumuiya nzima ikaitikia, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Mimi ndiye niliyetakiwa kuhitimisha sala hiyo, na niliihitimisha.

5. Kuhusu mimi kutumwa nikajitafute

Hili, Ndugu Mkuu, naomba ulisome taratibu, maana hata mimi lilinichukua muda kulielewa.

Mama alikwenda kwenye msiba wa mdogo wake na akakosa darasa siku zilizozidi tatu. Aliporudi, Mwalimu Jane alisimamia kanuni bila upendeleo. Mama aje na mzazi au mlezi. Wazazi wake walishatangulia mbele za haki miaka mingi iliyopita, hivyo ikabaki mlezi, na mlezi ni mtu anayeishi naye. Mtu huyo ni mimi, na nilikuwa nimeketi dawati la tatu naandika.

Nikasimama na kusema nipo. Mwalimu akasema aliyepo ni mwanafunzi Polikarp, na mwanafunzi hawezi kumdhamini mwanafunzi mwenzake. Mlezi hutoka nyumbani. Nikatoka na mama, tukaenda nyumbani, nikavaa koti, tukarudi. Nilipokelewa vizuri na kupewa benchi la wazazi. Lakini kwa kuwa nilikuwa kwenye benchi hilo na si kwenye dawati langu, siku ile niliandikwa sikuhudhuria. Mwanahawa aliniambia baadaye kwamba mwalimu aliliita jina langu mara mbili huku akinitazama.

Kisha Mwalimu Jane akanionya, kwa upole, kuhusu malezi. Akasema Kituo kinafanya kazi bure kama nyumbani elimu haithaminiwi. Akasema ameona kwenye maelezo yangu kwamba hata mimi niliikimbia shule nikiwa mdogo, na kwamba tabia hizi huwa zinarithiwa. Nilikubali. Kila aliyewahi kuniuliza nilimwambia hivyohivyo, kwamba nilikimbia fimbo za mwalimu wa hesabu, na watu hucheka na mambo yanaishia hapo.

Mama alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, kama inavyompasa mwanafunzi mwenye kosa. Akakiinua.

"Mwalimu, usimseme huyu," alisema. "Huyu hakukimbia. Mimi ndiye niliyemtoa. Baba yake alipofariki nilibaki na wadogo zake na jembe moja. Nikamwambia, Poli, kesho usiende. Akasema sawa, mama. Mpaka leo hajaniuliza kwa nini."

Nalalamikia kitendo hiki kwa nguvu zote. Kwanza, kilikuwa ni kipindi cha hesabu na suala hilo halimo katika ratiba. Pili, hakuna aliyenitaarifu mapema kwamba lingezungumzwa, wakati mimi nilikuwa nimelitunza vizuri tangu utotoni bila msaada wa mtu. Tatu, watu wazima waliokuja kujifunza waliweka kalamu chini wote kwa pamoja, bila kuambiwa. Mimi mwenyewe ilinibidi nitoke nje kuangalia baiskeli yangu. Sina baiskeli. Mwalimu Jane alinifuata, akasimama kando yangu, naye akatazama palepale nilipokuwa natazama. Sijui kama hilo nalo liko ndani ya majukumu yake.

6. Kuhusu mzazi kufaulu

Mama amejua kusoma. Nililiona nilipopanda naye bodaboda kutoka mtaa wa Lizaboni, kwa sababu alimlazimisha dereva kwenda polepole ili asome mabango ya maduka, na alipopitwa na bango moja aliomba turudi. Jumamosi iliyopita tulikwenda Maposeni kuchukua mbegu, shughuli ya nusu saa. Badala yake tulikaa asubuhi nzima kwenye kaburi la baba. Mama aliweka kidole kwenye msalaba, akaenda herufi kwa herufi mpaka akalipata jina la baba, Saimon. Akarudia mara kadhaa, kama mtu anayejaribu kiatu. Halafu akaniambia kwamba miaka yote amekuwa akipalilia pale kwa kuamini tu maneno ya watu.

Mbegu tulisahau kuzichukua. Hasara hii inatokana moja kwa moja na kanuni ninayoilalamikia. Kama isingekuwepo, mama asingeletwa, asingejisajili, na mbegu zangu zingekuwa ghalani.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo. Kanuni ya kumleta mzazi ifutwe kwa kila mwanafunzi mwenye mvi. Hilo likishindikana, uwekwe ukomo wa umri wa kujisajili, na uwekwe kwa uangalifu ili unipitishe mimi na umzuie yeye. Hilo nalo likishindikana, mama ahamishiwe kituo kingine, mbali kiasi kwamba pumzi yake isinifikie. Na kama hakuna kati ya hayo linalowezekana, basi Kituo kinithibitishe kuwa mlezi wa kudumu wa mama yangu, ili nipate kiti kwenye kikao cha wazazi, nisimame pale kama mzazi na kulalamika rasmi kuhusu mwanafunzi Polikarp, ambaye mwenendo wake umeivurugia familia yetu amani.

Naamini utalitazama jambo hili kwa jicho la mzazi, ingawa kwa hali ilivyo sasa ningependelea ulitazame kwa jicho la mtu baki.

Nisalimie Mwalimu Jane, ambaye binafsi sina ugomvi naye. Nisalimie mlinzi wa getini na walimu wa zamu ya asubuhi wanaotuachia chaki. Mwanahawa mwambie korosho alizotuletea ziliisha siku ileile. Mama yangu sina haja ya kukutuma umsalimie, nitamkuta mbele ya ubao.

Wako katika kujifunza uzeeni,

Polikarp Mapunda

NYONGEZA: Barua hii niliiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi mama alikuwa ameishika, kidole kikiwa kwenye mstari wa mwisho. Ameisoma yote peke yake, isipokuwa neno "upendeleo" ambalo Ida alimsaidia. Hakukasirika. Alisema mwandiko wangu umekuwa mzuri, na kwamba ni kweli, mtu mwenye heshima zake hapaswi kusindikizwa shule na mama yake. Sasa amekunja kitenge chake, na ameomba nimtafutie usafiri wa Maposeni.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, malalamiko namba moja hadi sita naomba uyaone kama hayakuandikwa. Badala yake pokea taarifa hii rasmi, kwamba mimi Polikarp Mapunda sitahudhuria darasa kesho, keshokutwa wala mtondo. Siumwi, sina msiba, na mahindi yalishapukuchuliwa. Nitakuwa nyumbani nimekaa tu. Naomba nitangazwe mtoro haraka iwezekanavyo, na Mwalimu Jane aje kumwita mzazi wangu kabla hajapanda gari.