Dakika Kumi Kutoka Langoni

Jumamosi, 14 Oktoba

Garth amekodi pointi. Habari hii imetolewa na mke wangu Marlene saa moja asubuhi, akipaka siagi kwenye mkate, bila kuniangalia. Chanzo chake ni dada yake Joyce, ambaye ni mke wa Garth. Siwezi kuipinga.

Maana yake ni hii. Kuna watu walionunua haki ya kulala kila mwaka kwenye hoteli zilizo ndani ya bustani ya burudani ya Merriwell, kule Florida. Hawapewi chumba, wanapewa pointi, na kwa pointi hizo wanapata siku za kulala. Mwenye pointi asipokwenda, zinaoza kama ndizi. Kwa hiyo anazikodisha kwa mtu kama Garth. Mwenye hizi ni daktari wa meno mstaafu wa Iowa, jina lake Dakta Amsler. Kafanyiwa upasuaji wa goti, hawezi kusafiri.

Basi mwanyumba wangu, muuza mifereji ya paa, atalala ndani ya bustani, kwenye hoteli ya wanyama. Sisi tutalala nje, kwenye nyumba niliyoitafuta mwenyewe. Jiko. Mashine ya kufulia. Bwawa letu peke yetu! Dakika kumi kutoka langoni, kwa mujibu wa mwenye nyumba.

Mama mkwe, Bernice, ameshatoa uamuzi. Siku tatu atalala kwa Garth, siku tatu kwetu. Ijumaa ataitoa kofia.

Kofia ni ya manjano, imepauka, ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Anayeivaa ndiye anayepanga safari ya familia ya mwaka unaofuata. Nimeivaa zaidi ya miaka kumi. Imeshakubali umbo la kichwa changu.

Sina wasiwasi. Nimeandika habari za baraza la mji wa Toledo miaka thelathini. Nimeona wenye uhakika kuliko Garth wakiangushwa kwenye kura.

Jumapili, 15 Oktoba

Tumefika. Nyumba iko kama ilivyoelezwa, ila mambo mawili.

La kwanza, zile dakika kumi. Zinawezekana, endapo taa zote ni za kijani na dereva ni mwizi anayekimbizwa. Sisi tulijaribu, tukatumia karibu saa nzima.

La pili, nyuma ya ua kuna uwanja wa gofu ndogo wenye mlima wa volkano wa plastiki. Kila nusu saa unanguruma na kutapika maji mekundu. Marlene aliuliza kama nilijua. Nikasema ni burudani ya ziada. Akasema burudani ya ziada anayo tayari, kaolewa nayo.

Garth alipiga simu kuuliza kama tumefika salama. Ndiyo tabia yake. Anakuchinja huku anakuuliza kama kisu kina makali ya kutosha.

Jumatatu, 16 Oktoba

Ziara chumbani kwa Garth. Shabaha: kutafuta kasoro.

Kijana wa mlangoni alinipokea kwa sauti kubwa: "Jambo!" Nikashtuka. Nikamwambia hakuna jambo lolote, tunamtembelea jamaa yetu tu. Marlene akanivuta shati, akaninong'oneza kwamba hapa ndivyo wanavyosalimia.

Kasoro niliipata upesi. Chumba ni kidogo. Masanduku yamepangwa juu ya masanduku. Hakuna jiko, kuna birika. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Garth akavuta pazia.

Twiga.

Si kwenye picha, si nyuma ya kioo. Alisimama karibu na roshani, na ingawa tulikuwa ghorofani, uso wake ulikuwa kwenye usawa wa wangu. Alitoa ulimi mweusi, mrefu kama tai ya mhubiri, akauzungusha kwenye tawi, akalivua majani yote kwa mvuto mmoja. Akatafuna. Akaniangalia. Kope zile! Hakuwa na haraka na mtu yeyote duniani. Nyuma yake walikuja wengine wawili, wakitembea kama watu wanaovuka mto wakiogopa kulowesha nguo, na jua la jioni likawapaka rangi ya asali.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, kavua viatu, mikono mapajani, kama yuko kanisani.

Garth alisema taratibu, "Sogea, shemeji. Haumi. Anayeuma ni Joyce." Joyce akamwambia angoje wafike nyumbani.

Sikucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Garth yupo. Nilisimama pale mpaka Marlene akaja kuniambia chakula kimepoa. Wakati huo Mama alikuwa anamwomba Garth namba ya daktari wa meno, amshukuru kwa heshima.

Sasa nakumbuka kwamba sikuuliza urefu wa twiga. Miaka thelathini! Sijawahi kuondoka kwenye tukio bila kuuliza kipimo.

Garth asilijue hili.

Jumanne, 17 Oktoba

Mkakati wa kwanza.

Wanaolala ndani huruhusiwa kuingia bustanini nusu saa kabla ya umma. Garth amelitaja hilo mara nyingi kuliko jina la mkewe. Wanatambulishwa kwa bangili ya manjano ya mkononi. Mimi pia ninayo bangili ya manjano, ya tamasha la parokia yetu, mwezi Agosti. Nimekuja nayo Florida kwa makusudi.

Nilifika langoni alfajiri, peke yangu. Kabla sijaendelea, niandike nilichokiona. Barabara ya bustani ilikuwa tupu, imeoshwa, inang'aa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na minara ya ngome imesimama juu ya ukungu bila miguu. Hakuna muziki. Hakuna mtu. Ilikuwa kama dunia iliyomalizwa kutengenezwa jana jioni na bado hatujakabidhiwa. Watu wote kwenye foleni walikuwa wakizungumza kwa kunong'ona, hata watoto.

Kisha ikafika zamu yangu. Mama mmoja mwenye mvi, kibandiko chake kinasema Opal, alinishika mkono kama muuguzi. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: "Pierogi bila kikomo." Hayo ni maandazi yetu ya viazi, ya Kipolandi, ya kuchemsha.

Nikamwambia ndivyo, bila kikomo, na kwa hiyo ninayo haki kamili.

Opal akasema, "Mpenzi, pierogi zikiwasili nitakuita mwenyewe. Kwa sasa simama pale kwenye kivuli."

Nyuma yangu watu walicheka. Nilikitambua kicheko kimoja. Garth alinipita akisukuma kiti cha magurudumu cha kukodi, na Mama alikuwa juu yake, amevaa ile kofia ya manjano, ambayo wiki ya safari hukaa kwake mpaka Ijumaa. Alinipungia mkono kama malkia anayepita sokoni. Garth akapaza sauti kwamba wataniwekea nafasi.

Jioni, tukirudi, foleni ya magari ilisimama kabisa barabara kuu. Marlene alianza kutaja dakika kumi. Hakumaliza. Fataki zilipanda juu ya miti.

Mbele yetu dereva wa lori la barafu alizima injini, akashuka. Wote tukashuka. Kando ya barabara kuna bwawa kubwa la maji ya mvua, na kila fataki iliyofunguka juu ilifunguka tena chini, mpaka hukujua mbingu ni ipi. Dhahabu, kisha zambarau, kisha nyeupe inayodondoka kama mchele. Baba mmoja alimpandisha mtoto juu ya gari. Hakuna aliyepiga honi. Florida! Foleni! Hakuna honi hata moja!

Marlene alinishika mkono, ule ule wenye bangili ya pierogi. Nikamwambia, unaona, na hii ni bure, Garth kalipia.

Akasema, "Ted, nyamaza."



Jumatano, 18 Oktoba

Mama amehamia kwetu. Alimuaga twiga kabla ya kumuaga Garth.

Njiani nilitangaza kwamba kwetu pia kuna wanyama. Akauliza wanyama gani. Nikasema watajitokeza.

Mkakati wa pili. Nilitawanya majani ya saladi uani, nikitarajia sungura. Niliosha gari la kukodi na kulisugua mpaka likawa kioo, Mama aone kwamba huku nje kuna nidhamu. Tukakaa. Kilichojitokeza ni volkano. Mama aliitazama saladi kwenye nyasi kwa muda, kisha akauliza kama hicho ndicho chakula cha mchana.

Baadaye alikaa kando ya bwawa akizungumza na simu, akicheka, miguu majini. Nilimuuliza kulikoni. Akasema ni mambo ya meno tu.

Mama ana meno ya bandia. Sikufuatilia.

Alhamisi, 19 Oktoba

USHINDI!

Wamekuja asubuhi, wawili. Korongo wa kijivu, kimo chao chafika kifuani kwa Marlene, na kila mmoja ana utosi mwekundu kama kofia. Waliruka ua bila sauti, wakatua, wakakunja mabawa kama wazee wanaokunja magazeti. Saladi hawakuitazama. Walipita kati yangu na Marlene kana kwamba sisi ndio wageni wao.

Mama alitoka na gauni la kulalia, kikombe cha kahawa mkononi, akasimama mguu mmoja ndani mmoja nje.

Kisha dume likafika kwenye gari. Lile nililolisugua. Ndani ya mlango likaona korongo mwingine, mwenye kofia nyekundu kama yake. Likatanua mabawa. Yule naye akatanua. Basi! Paa! Likamdonoa. Yule naye akadonoa. Paa! Paa! Nilikimbia na ufagio, likanigeukia, nikarudi na ufagio.

Mama aliuliza, "Anapigana na nani?"

Nikamwambia anapigana na yeye mwenyewe, hajui tu.

Mama akaacha kumtazama korongo, akanitazama mimi. Alinitazama sana. Akasema, "Maskini. Na kofia anayo tayari. Angetulia tu."

Wakati huo volkano ikanguruma. Korongo wote wawili wakainua shingo wima, wakaijibu. Sijui niandike vipi sauti ile. Tarumbeta iliyojaa kokoto. Ilipita juu ya paa, juu ya gofu, na juu ya barabara kuu. Volkano ilinyamaza kwanza. Mama alicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

Mlango wa gari una mashimo mashimo kama muhogo uliotafunwa na panya. Si kitu. Garth hana korongo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mama amechukua kofia. Habari imetolewa na Mama mwenyewe, mezani, tukila samaki wa kukaanga kama kila Ijumaa.

Garth na Joyce walifika wamechelewa sana. Nikawakumbusha kwamba ni dakika kumi. Garth akauliza, "Dakika za nani, shemeji?"

Baada ya samaki Mama aliiweka kofia katikati ya meza. Nilivuta kiti mbele. Garth naye alivuta. Mama alisema twiga wa Garth ni mzuri, hajawahi kuona uzuri kama ule. Na korongo wa Ted ni wazuri, atawakumbuka mpaka kaburini. "Ila ninyi wawili mmenichosha," akasema. Akaichukua kofia, akaivaa.

Goti la Dakta Amsler limepona. Amebakiza pointi ambazo zitaoza mwezi wa tatu. Amemwalika Mama waende Februari, hoteli ya wanyama, upande wa twiga. Joyce alifungua kinywa. Mama akaongeza kwamba ni vyumba viwili, na hata kingekuwa kimoja yeye ana umri wa miaka themanini.

Garth aliuliza ni nani mwingine anakwenda.

"Twiga," akasema Mama.

Habari kubwa ya wiki ilikuwa ikizungumzwa kando ya bwawa langu, miguu majini, na mimi nilikuwa nikiokota saladi.

Tuliosha vyombo mimi na Garth. Mwishowe aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kujua yule twiga ana urefu gani. Nikasema sikuuliza. Akasema hata yeye. Kila alipotaka kuuliza, alijikuta anaangalia tu. Nikampa sahani aifute.

Jumapili, 22 Oktoba

Toledo. Mvua.

Nimelitafakari suala zima kwa utulivu. Mama hakumpa Garth kofia. Kwa hiyo kulala nje hakujashindwa. Kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Kwa hiyo shindano litarudiwa.

Nimekodi nyumba ile ile, wiki ile ile ya Mama na daktari. Hawatajua mpaka tutakapokutana nao langoni kwa bahati. Marlene sijamwambia. Nimeagiza pia kofia mpya ya manjano, kubwa zaidi, iwapo Mama atachoka na ile.

Mchana huu Marlene amepokea habari kutoka kwa Joyce: Garth tangu jana anawapigia simu watu wa pointi, anatafuta siku za Februari. Nilisema Garth ni mtu asiyejifunza. Marlene alitoka chumbani.

Nimepiga simu kwa mwenye nyumba kuhakikisha. Volkano inafanyiwa matengenezo. Korongo wamehama. Gari nitalisugua kama kawaida.

Safari hii nitauliza urefu wa twiga, jambo la kwanza.

Nyumba tunakabidhiwa Jumamosi, 10 Februari, saa kumi jioni. Ni dakika kumi tu kutoka langoni, kwa mujibu wa mwenye nyumba.