Pini ya Tela Langu

Jumatatu, 8 Januari

Ukungu mzito. Zizi langu mwenyewe silioni. Lakini nimeamka na uamuzi: mwaka huu wazee wa kijiji wataenda kwenye mela, tamasha la sikukuu ya Maghi mjini Muktsar, ndani ya tela langu mimi, Nachatar Singh. Si la Darbara.

Miaka mitano mfululizo amewapeleka yeye. Miaka mitano mwenyekiti amemvisha kilemba cha heshima mbele ya watu, nami nimesimama pale nikipiga makofi mpaka viganja vinauma. Alikuwa dereva jeshini. Amestaafu, ila nadhani hajaambiwa. Anaendesha trekta kama amebeba mayai. Mwaka jana walifika Muktsar wakati wacheza mieleka wanavaa nguo zao kurudi makwao. Mwenda pole hajikwai, husema. Kweli kabisa. Hafiki pia.

Nimemweleza mke wangu Jasmel mpango wote. Akauliza kama tela lina taa za nyuma. Huyu mwanamke ana kipaji cha kuona mambo yasiyohusu.

Jumanne, 9 Januari

Kampeni, nyumba kwa nyumba. Nimeahidi majani makavu ya kukalia, mablanketi, na muziki. Muziki ndio umewamaliza. Nimefunga spika mbili juu ya matairi ya nyuma ya trekta, kila moja kama ndama aliyelala.

Bibi Tejo, mwenye miaka themanini na miwili, akataka kujua kama nitapiga nyimbo za enzi za harusi yake. Nikamwambia hizo ndizo za kwanza. Akiwa upande wako Bibi Tejo, una nusu ya kijiji, maana nusu ya kijiji inauogopa ulimi wake.

Jumatano, 10 Januari

Nimeshinda! Mikono kumi na tisa kwa sita kikaoni.

Mwenyekiti akaweka masharti mawili. Taa za nyuma ziwake. Na uwepo mnyororo kati ya trekta na tela, ili pini ya kuunganishia ikichomoka, tela lisibaki njiani. Hapo Darbara akasimama. Akasema ataniazima mnyororo wake, mpya, wa chuma kizito. Mbele ya watu wote! Kuna wema unaofanywa ili kumdhalilisha mtu. Nikaupokea huku natabasamu. Meno yananiuma hadi sasa.

Alhamisi, 11 Januari

Polisi njia panda. Wanasimamisha matrekta na kugawa stika nyekundu za kung'aa, zibandikwe nyuma ya tela, kwa sababu ya ukungu. Kijana mmoja mwenye sare alitaka kunibandikia palepale. Nikamwambia asijisumbue, nitazibandika nyumbani kwa utulivu.

Nimezibandika kwa utulivu. Mbele ya trekta, kuzunguka jina langu. Nyuma nani ataziona? Ni wale niliokwisha kuwapita, na hao hawana neno. Nne zimebaki, nimezitia kabatini.

Tatizo la betri. Taa zikiwaka, spika zinakoroma. Spika zikiimba, taa zinafifia mpaka zinakufa. Nimetafakari kwa haki pande zote mbili. Kisha nikajiuliza ni nani aliwahi kwenda mela kutazama taa. Nimekata waya wa taa.

Jumamosi, 13 Januari

Nimetafuta pini asubuhi nzima. Nimewashuku watu watatu, mmoja wao mkwe wangu. Kumbe Rani ndiye anayo! Nyati wetu wa maziwa huyu ni mzururaji, ameshakula haradali ya Darbara mara mbili na mara zote mbili mimi ndiye niliyeomba radhi. Baada ya mavuno niliipigilia pini ya tela ardhini, nikamfunga nayo. Haijatikisika tangu siku hiyo. Niing'oe leo, Rani akale haradali ya Darbara kesho nikiwa safarini? Wazimu. Nimechukua mpini wa nyundo. Mti mgumu. Umeingia kwenye tundu kama umezaliwa humo.

Mnyororo nao nimeupatia kazi. Spika zinatikisika kwenye mashimo, na mela ina wezi. Nimezifunga kwa mnyororo, mizunguko mitatu na kufuli.

Jioni moto wa Lohri, sikukuu ya mkesha wa Maghi, tukala karanga. Darbara akaja karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mnyororo nimeufunga. Nikamwambia umefungwa na hautoki. Sikusema uongo hata neno moja.

Jumapili, 14 Januari

Naandika jikoni. Jasmel hasemi nami.

Tuliondoka alfajiri, watu ishirini na sita ndani ya tela, Jasmel miongoni mwao. Ukungu mweupe, mtu haoni kiatu chake. Mimi peke yangu kwenye trekta, kilemba cha zambarau, wimbo wa Bibi Tejo kwa sauti ya juu kabisa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kwenye daraja la mfereji kuna tuta. Nililiruka kwa mwendo mzuri. Baada ya hapo trekta likawa jepesi ajabu, likipaa. Nikajipongeza kwa kubadilisha oili.

Nilipita kijiji cha wakwe zangu makusudi, kwa madaha. Walikuwa wanaota jua lililoanza kuchungulia. Waliponiona wakasimama wote, wakapunga mikono miwili, wengine wakakimbia kunifuata. Miaka ishirini ya ndoa, hawajanipokea hivyo. Nikapunga pia. Kisha kijana wa pikipiki akaja ubavuni akipaza sauti na kuonyesha nyuma, tena na tena. Nikaelewa kwamba huko nyuma muziki hausikiki vizuri. Nikaongeza sauti.

Lango la mela. Askari wa maegesho akaninyooshea mkono nisimame, akauliza nimekuja na nani.

"Na kijiji kizima, afande," nikamwambia kwa majivuno. "Hao nyuma yangu."

Akatazama nyuma yangu. Akatazama kwa muda mrefu. "Mzee," akasema taratibu, "zima huo muziki, kisha geuka."

Niligeuka. Kilikuwepo kipande cha mpini wa nyundo, urefu wa kidole. Na barabara.

Kilomita kumi na mbili! Nikaona akilini ukungu, na tela limesimama katikati ya barabara ya malori bila taa, na Jasmel yumo. Niligeuza trekta bila kuangalia upande wowote. Nililia njia nzima, na simwandikii mtu mwingine haya.

Nilikutana nao nusu ya njia. Tela langu linakuja polepole, kama limebeba mayai, nyuma ya trekta la Darbara. Alikuwa anatufuata na mzigo wa kuni za jiko la mela. Kuni aliziacha kando ya barabara, akawafunga wao. Alikuwa na pini ya akiba. Bila shaka alikuwa nayo. Darbara ana akiba ya kila kitu.

Wote hai, wote wazima, wote wanakula machungwa. Walinipita. Hakuna aliyenisalimu. Bibi Tejo peke yake aliinama ukingoni.

"Nachatar, mwanangu," akasema, "wimbo ulikuwa mzuri. Tulisikia mwanzo wake."

Jasmel alinieleza mengine baadaye, kwa maneno machache, akitazama ukuta. Tela lilisimama baada ya daraja, nusu ya barabara. Lori la machungwa likatokea kwenye ukungu. Dereva akakanyaga breki. Lilisimama umbali wa mikono miwili tu kutoka kwao. Dereva alishuka, akakaa chini barabarani, akasema aliona vitu vinne vyekundu na vingine vyote vilikuwa maziwa. Kisha akawagawia machungwa.

Nikashangaa, nikamuuliza vitu gani vyekundu.

"Baba Navrit," akasema, "nilifungua kabati Ijumaa kutafuta sindano."

Jumatatu, 15 Januari

Darbara amevishwa kilemba. Cha sita. Nimepiga makofi. Safari hii makofi yalitoka yenyewe kidogo, kisha nikayadhibiti.

Kikao kimeamua tela langu libebe miwa na samadi tu. Nimesema nitalitafakari. Mwenyekiti akasema si ombi.

Lazima niandike ukweli, shajara haidanganywi. Yule dereva wa lori ana breki nzuri sana. Watu hawamsifu.

Jumatano, 17 Januari

Nimerudisha mnyororo kwa Darbara. Nikamwambia wazi ni mnyororo bora, mela nzima spika hazikusogea hata unywele. Alinitazama muda mrefu kama yule askari. Huenda ni kawaida ya watu wa sare.

Siku tatu nimechunguza kosa lilikuwa wapi, bila kujipendelea. Nimelipata! Spika zilikuwa kwenye trekta. Tela likabaki, muziki ukaendelea, nami ningejuaje? Spika zinatakiwa ziwe kwenye tela. Tela likikatika, waya unakatika, wimbo unakatika, najua papo hapo. Punjab nzima hakuna aliyewahi kufikiri hivi. Leo nimezihamisha, na nimeongeza mbili.

Mpwa wa mwenyekiti anaoa tarehe 28. Harusi si mela, na kikao hakikutaja harusi. Nimeanza na Bibi Tejo. Amesema atapanda, ila lazima Jasmel apande kwanza.

Jasmel ameniuliza swali moja tu: pini ya tela ipo?

Nimemwambia ipo. Nilikwenda kuikagua mwenyewe jioni hii. Rani amelala kando yake, hajasogea hatua.