Rozari Sitini za Yerusalemu

Mwaka wa 1954 Baba Mtakatifu aliuweka wote chini ya Bikira Maria, na katika Élisabethville nzima hakuna aliyeufurahia kumshinda Anaclet Mwaba. Si kwamba alikuwa mtu wa sala. Alikuwa mtu wa macho, na Jumapili ya kwanza ya Oktoba, nje ya kanisa la cité, mtaa wa Waafrika, macho yake yaliona jambo ambalo mapadri walikuwa hawajaliona: wanawake zaidi ya hamsini wamejipanga kusali rozari, na karibu wote wanahesabu Salamu Maria kwa vidole.

"Mama, chapelet yako iko wapi?" alimuuliza mmoja, huku akivua kofia kwa adabu.

"Ah, tata, zilimalizika kwa bamasoeur. Banasema zingine zitakuya na treni. Siku gani? Habajue."

Anaclet alivaa kofia yake tena. Masista hawana rozari, na wateja wapo zaidi ya hamsini!

Sasa lazima niseme habari za baisikeli, au kinga, kama watu wa kule wanavyoiita. Ndiyo mali pekee ambayo Anaclet hakuipata kwa ulimi. Aliifanyia kazi ya kiwandani miaka miwili, zamani hizo, kabla hajagundua kwamba kazi inachosha. Nyeusi, kengele mbili, tandiko la ngozi. Mjini mtu mwenye kinga huitwa bwana. Asiye nayo huitwa "weye pale". Anaclet aliipenda kinga ile, na nasema hivyo bila kumcheka.

Lakini tamaa ni tamaa. Kesho yake aliipanda mpaka kwa mzee Mulenga, mchonga mbao aliyetoka Lukafu na kufungua karakana yake njia ya Ruashi. Wakaelewana upesi: rozari sitini za mbao kwa kinga moja, na ziwe tayari Jumatano ya wiki ijayo. Mulenga aliijaribu kengele ya kwanza, akaijaribu ya pili, akaenda kukata gogo alilotoka nalo kwao.

Jumatano hiyo Anaclet alirudi nyumbani kwa miguu, sanduku kichwani, vumbi hadi magotini. Alijifariji kwamba anatembea kuelekea kinga tatu.

Alhamisi alilifungua sanduku lile uani mwa kanisa, mbele ya akina mama wa Rozari. Alikuwa amevaa miwani isiyo na nguvu yoyote na tai ya kuazima.

"Bamama, muangarie muzuri. Hii haiko muti ya hapa. Hii ni muti ya Yerusalemu, bustani ya Getsemani, kwenye Bwana wetu alipiga magoti!"

Akina mama wakafanya ishara ya msalaba. Anaclet akawasubiri wamalize, kisha akaendelea kwa sauti ya profesa.

"Kuchagua chapelet, haiko kuangaria rangi tu. Unaitikisa karibu na sikio: ikilia kama karanga ndani ya kopo, matundu yake ni mikubwa, kamba itakatika mbele ya Noeli. Unahesabia: kumi, kumi, kumi. Unakamata ndani ya mukono mpaka inapata moto. Muti ya muzuri inapata moto mbio."

Haya yote yalikuwa kweli. Alikuwa ameyaokota kwa Mulenga bure, na mwongo hodari huuchanganya uongo wake na ukweli kama mama anayetengeneza bukari, ugali wa kule: maji kwanza, unga baadaye.

"Na kuitunza?" akauliza mama mmoja mwembamba, Wivine, mwenye mtoto mgongoni. Mkono wake ulikuwa tayari umeingia kwenye fundo la kitenge, mlimofichwa faranga za wiki.

"Usioge nayo. Usiiache ku jua. Usiitundike ku musumari, kamba inarefuka. Kila mwezi, tone moya ya mafuta ku kitambaa, unapanguza pole pole."

Hapo Mama Germaine akanyoosha mkono. Huyu ndiye aliyekuwa présidente wa kundi, mjane wa fundi wa reli, mwanamke mpana mwenye maneno machache. Aliichukua rozari moja, akaitikisa, akaikamata kiganjani. Mwisho akaipeleka puani.

Mama Germaine alizaliwa Lukafu. Kinu cha mama yake kilikuwa cha mulombwa, mti mwekundu wa kule, na alikuwa ametwanga ndani yake tangu akiwa na miaka sita. Harufu ile angeitambua hata akiwa usingizini. Aliutazama mkono wa Wivine uliokuwa unafungua fundo, na hasira ikampanda hadi kooni. Akaimeza.

"Ngoja kwanza, Wivine," alisema kwa upole. "Tata Anaclet, zilisha kubarikiwa?"

"Bado, mama, lakini..."

"Ah! Padri akizibariki, hakuna mama hapa atauliza bei."

Anaclet alihisi baraka zinamshukia palepale. Watu wasiouliza bei! Katika miaka kumi ya ujanja alikuwa hajakutana na soko la namna hiyo. Kinga tatu zikageuka sita.

"Jumapili!" akasema. "Nitazipeleka miye mwenyewe ku altare!"

Laiti angekaa katekisimu mpaka mwisho. Alitoroka mwaka wa kwanza, siku aliyosikia kwamba kuna mtihani, na somo la vitu vilivyobarikiwa hufundishwa mwaka wa pili.

Jumapili sanduku lilikaa wazi mbele ya altare, na Anaclet kwenye benchi la kwanza. Padri Dominique, mzee wa Kibelgiji mwenye ndevu hadi kifuani, alisoma sala, akazinyunyizia maji ya baraka, kisha akawageukia watu.

"Leo tunashukuru mwana wetu Anaclet Mwaba," alisema, "kwa moyo wake mukubwa."

Kanisa zima likapiga makofi. Anaclet aliona kwamba Padri anamtangazia biashara bila malipo. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akainama mara tatu.

Baada ya misa aliweka meza nje, chini ya jakaranda, kofia kando yake mdomo juu. Akina mama wakapanga mstari. Wa kwanza akachukua rozari yake, akaibusu, akasema "merci mingi", akaondoka. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa Wivine.

"Mama, na faranga?"

Wivine alishtuka. "Faranga? Tata, hii iko na baraka!"

"Njo sababu bei inapanda kidogo..."

Mstari wote ukageuka kumtazama. Mama Germaine akasogea mbele.

"Kintu ya baraka habaiuzishake, tata. Ukiuzisha, baraka inatoka, na weye unafanya zambi ya Simoni muchawi. Mon père, haiko vile?"

Padri Dominique alikuwa mlangoni, akiwaaga watu. "Vile kabisa," alisema. "Lakini nani anauzisha? Mama Germaine aliniambia Anaclet anatoa. Na yeye mwenyewe alisimama, alikubali, siye bote tuliona."

Waliona. Watu mia nne walimwona akiinama mara tatu. Anaclet aliigeuza kofia yake mdomo chini. Aliyaona magurudumu ya kinga yake yakizunguka mbali, njia ya Ruashi, chini ya mtu mwingine, akatamani kulia kama mtoto. Mjinga akierevuka, mjanja yu mashakani. Mstari ukaanza tena kutembea.

Sanduku lilipobaki na rozari moja, Mama Germaine aliitoa, akamwekea kiganjani.

"Hii ni yako, mutoto wangu. Tone moya ya mafuta kila mwezi." Akamsogelea sikioni. "Na siku ingine, usiletee bibi wa Lukafu mulombwa ya Lukafu."

Jumatatu alikuwa stesheni, na rozari ile mfukoni. Moja ingempatia angalau chakula cha jioni. Mama mmoja wa safari, mwenye tiketi ya kaskazini na mizigo tele, aliiona tu ikampendeza.

"Unaiuzisha, tata? Niko na faranga. Lakini balisha kuibariki?"

Neno moja tu lilitakiwa: hapana. Anaclet alikwisha kuwadanganya polisi, wakwe na makarani, bila hata kukohoa. Lakini tangu jana cité nzima ilikuwa inamwamkia kwa heshima, wazee wanamvulia kofia, watoto wanamwita tata wa chapelet, na sijui shukrani zile zilimkwama wapi.

"Balisha," alisema. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema kweli, akaogopa.

"Basi haiuzishwe!" Yule mama alifurahi sana. Aliitwaa kiganjani mwake, akaibusu. "Mungu akubariki, tata. Ulinipatia bure kabisa!"

Filimbi ikalia, akapanda, treni ikaondoka na rozari ya sitini.

Ndiyo siku pekee ambayo Anaclet alimwambia mteja ukweli mtupu, na alilala njaa.