Doa Uani kwa Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimeokoa gari la mjomba. Kazi yenyewe sijaanza, lakini neno nimeshatoa.

Kisa ni hiki. Mwezi jana tulikwenda kwa wakwe, alikoolewa binti yake. Ua wao umetandikwa vigae vipya, vyeupe pe. Gari likaacha doa la oili kama sinia! Mkwe hakugomba. Alisema tu, kwa upole ule unaouma, kwamba safari ijayo gari linaweza kupumzika nje ya geti. Mjomba alinuna njia nzima. Jumamosi hii tunarudi kumwona mjukuu, na mjomba ameapa: likidondosha hata tone moja kwa watu, linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Vyuma chakavu! Gari nililojifunzia kuendesha! Kiumbe pekee nyumba hii kinachonitii!

Nikasema niachiwe mimi. Sikukaa gereji kutwanga maji. Profesa, mtoto wa mjomba, yuko chuo na hajui hata kufungua boneti, akauliza kama kule gereji sikuwa mchemsha chai. Nilikuwa. Lakini macho hayakuwa kwenye birika.

Makubaliano: nikiziba, Jumamosi usukani wangu. Nikishindwa, nabaki kulinda nyumba.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimetandika boksi chini ya injini. Matone meusi, manene. Aha! Tone liko chini, basi ugonjwa uko chini. Nimekaza nati ya kumwagia oili mpaka spana ikalia. Nikakaza na chujio. Boksi jipya. Matone yaleyale, kama hayakuniona.

Nikaenda kwa fundi, bosi wangu wa zamani. Kwanza aliuliza chai iko wapi. Halafu akasema maneno nayaandika hapa maana nitayatumia kama yangu:

"Oili haipandi, dogo, inateremka. Tone la chini mama yake yuko juu. Osha injini, nyunyiza poda, washa, utazame panapolowa kwanza."

Nilikuwa najua. Nilimwachia tu mzee wa watu ajisikie.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Injini nimeiosha ikang'aa kama sufuria ya wageni. Poda nikaazima ya mkaza mjomba, ile yenye harufu ya waridi. Sikumwambia kwamba naazima. Nikanyunyiza kiasi. Kopo lote ni kiasi. Nikawasha, nikainamia boneti.

Nilisahau feni.

Poda ikanirudia usoni, karibu yote. Profesa akatoka, akaona kichwa cheupe, akaniamkia shikamoo.

Lakini iliyobaki ilisema kweli. Ilianza kulowa pembeni mwa kifuniko cha valvu, kule juu. Boliti zilikuwa zinacheza. Nikazikaza, pakakauka, nikacheza mimi. Kisha nikachungulia nyuma, injini inapoungana na giaboksi. Tope! Fundi akapita kutazama. Sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, imechoka, akasema, na kuibadilisha lazima giaboksi ishuke. Nimwachie gari, wiki ijayo litakuwa tayari.

Wiki ijayo! Nimemwambia asijisumbue, kesi ndogo.

Mkaza mjomba anatafuta poda. Nimemwambia labda panya. Baadaye nimefikiri: panya wa kujipaka poda?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Akili imegoma. Mkaza mjomba alitaka nafasi ya kuanika mashuka, akaniamuru nigeuze gari. Ua wetu una mteremko kuelekea barabarani, na gari siku zote hulala pua juu. Leo limelala pua chini. Na mimi nimelala kifudifudi, kwa huzuni.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

BOKSI KAVU!

Nimelipapasa. Nimelinusa. Kavu kama koo la mdaiwa! Sijui nilifanya nini, lakini nimelifanya vizuri sana.

Profesa akaja. Akatazama gari, akatazama ua, akanitazama mimi.

"Halijapona," akasema. "Limeinama tu. Oili imekimbilia mbele, sili ya nyuma haiguswi. Ligeuze pua juu uone."

Nikamwambia wivu hauzibi oili. Moyoni nilimshukuru, maana sasa dawa naijua.

Mjomba akalishika boksi, akaligeuza huku na huku. Akanipa funguo, akanigonga begani. Bega bado lina joto. Mkaza mjomba akasema nimekua. Halafu akauliza mbona mtu mzima ananukia waridi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mimi usukani, shati jeupe. Mjomba pembeni, wengine nyuma. Boksi nimeliacha nyumbani. Fundi wa kweli hatembei na boksi.

Mjomba alikuwa ameshampigia mkwe simu kwamba gari limepona, basi geti likafunguliwa. Lahaula! Mwezi jana nilitazama vigae tu, kumbe ua wa mkwe unapanda kuelekea nyumba! Nikaingia kinyumenyume. Mjomba akanong'ona kuuliza kama nimerukwa na akili, ukweni kuingia kwa mgongo? Mkwe akauliza kama tumeshachoka kabla ya kufika. Wakacheka. Gari likatulia pua chini. Kavu!

Ndipo mkwe, kwa ukarimu wake, akaomba niligeuze, litazame nyumba kama gari la wageni wa heshima. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Nikaligeuza. Wakaingia ndani.

Tone la kwanza nililisikia kwa masikio yangu.

Hakuna boksi. Hakuna hata gazeti. Nikaingia uvunguni, nikalala chali, nikapokea kwa shati. Ndani wanakula na kumbeba mtoto, mimi nanyweshwa oili kifuani. Profesa akaniletea sahani, akachuchumaa. Nikajua ataniumbua.

"Sogea kidogo," akasema. "Kushoto kumejaa, tumia kulia."

Hakumwambia mtu. Sijui anataka nini.

Kisha vikaja viatu vya mkwe. Akauliza nafanya nini humo. Nikasema fundi wa kweli hukagua kila baada ya safari. Akakagua vigae vyake. Vyeupe pe. Akainama mpaka ndevu zikagusa sakafu, akaongea kwa sauti ya mwizi.

"Mwanangu, langu liko nyuma ya nyumba. Linavuja tangu mwaka jana. Naomba unisaidie, ila mjomba wako asijue."

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mjomba anaimba bafuni. Gari haliuzwi. Amesema litazeeka humuhumu, na mimi ndiye daktari wake. Shati limelowekwa ndoo ya pili, bado jeusi.

Profesa ananisihi tulipeleke kwa fundi wiki hii, wakati mzee ana furaha, giaboksi ishuke, sili iwekwe, yaishe. Nimemwambia yaishe nini? Kusoma sana kunatia hofu.

Kesho natibu gari la mkwe. Spana sibebi. Nimempigia simu kuuliza jambo moja tu la kitaalamu: ua wake wa nyuma una mteremko upande gani?

Amesema hauna. Tambarare kabisa.

Sawa. Nimeshapakia matofali kwenye buti.