Yowe la Mama Robi

Nakiri leo, baada ya kukana kwa miezi minne: sura ya tano sikuisoma.

Mnajua nasoma kozi ya misingi ya kusimamia miradi ya mifumo ya taarifa. Nina miaka arobaini na tisa, nafundisha sekondari hapa Machochwe, na wanafunzi wenzangu wa mtandaoni wananiita mama. Sura ya tano inahusu mpango wa mawasiliano: nani aambiwe nini, lini, na aambiwe na nani. Niliiruka. Mtu anayeongea darasani kutwa nzima afundishwe kuongea? (Kiburi, ndiyo.)

Mradi wangu ni mfumo wa kutoa taarifa tembo wakiingia mashambani. Mkulima anabonyeza kitufe kwenye simu yake, na simu za wenzake wote zinapiga yowe. Yowe lenyewe nilimrekodi Mama Robi, mwenye shamba la mwisho kabla ya hifadhi. Sauti yake inafika Kenya bila pasipoti. Wiki iliyopita nikaweka programu kwenye simu kumi na tisa, yangu ikiwemo.

Leo saa nne asubuhi tulikuwa na kikao ofisi ya kijiji. Nilihitaji kitu kimoja tu, saini ya mwenyekiti kwamba kijiji kimeukubali mradi. Nisipoituma kesho, narudia kozi nzima. Na mahindi ya watu yanakaribia kukomaa, tembo wanajua kuliko mimi.

Nikaeleza. Nikaonyesha orodha yangu ya hatari: mtandao kukatika, chaji kuisha, mvua. Niliipenda sana ile orodha.

"Hebu ilie tuisikie," akasema Mama Robi, soda mkononi.

Nikabonyeza. Nilidhani wenye programu wote wamo mle ndani. Walikuwa sita; wengine walikuwa makwao na mashambani.

Simu zao zikapiga yowe, watu wakacheka. Kisha tukasikia yowe jingine kutoka mlimani. Hilo halikuwa la simu. Likapokelewa ng'ambo ya mto. Huku ukisikia yowe unalipaza na wewe, unashika silaha, unakimbia. Kuuliza ni baadaye. (Nimeishi hapa miaka kumi na moja, nalijua hilo. Kwenye orodha halikuwemo.)

Muda si mrefu uwanja ukajaa mikuki, mapanga na pinde. Wa kwanza kuingia ofisini alikuwa Mzee Marwa, mume wa Mama Robi, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu la sabuni.

"Mama Robi, nani amekugusa?"

"Hakuna. Nakunywa soda."

"Nimekusikia unalia."

"Siyo mimi. Ni simu ya mwalimu."

Mzee akanigeukia. Nikasema shikamoo.

"Tembo wako wapi?" akauliza mwanaume mwingine, anahema.

"Hakuna tembo, baba. Ni majaribio."

"Nimeacha ng'ombe kando ya mahindi ya jirani kwa ajili ya majaribio?"

"Basi sasa hivi yanaliwa," akasema Mama Robi, "na tembo hajatoka hata hifadhini."

Mwenyekiti hakucheka. "Yowe si la kuchezea, mwalimu. Nenda nyumbani. Sisi tutaongea, tutakupigia."

Nimekaa hapa nyumbani tangu saa sita, simu mezani, nawaandikia ninyi huku nikisoma sura ya tano. Ukurasa wake wa kwanza unasema watumiaji waarifiwe kabla ya jaribio lolote. (Ukurasa wa kwanza, jamani.)

Nilikuwa nimefika hapo, simu ikaita. Mwenyekiti.

"Mwalimu, tumekubali. Tembo wangekuwepo kweli, leo wasingeonja hata hindi moja. Saini njoo uchukue asubuhi."

Nikashukuru mpaka nikajikuta nimesimama.

"Ila Mzee Marwa na wenzake wametoa sharti," akasema. "Kila mtu abaki na kitufe chake. Cha kwako kitolewe."