Joho la Babu Ezra na Kuku wa Neville

Jumatatu, 16 Septemba

Leo nimekwenda Nyumba ya Harbottle kutembea, kama mtu asiye na nia yoyote. Nia ninayo. Siku ya Mwasisi ni tarehe 29, na mwaka huu joho ni langu.

Niandike vizuri, maana dada yangu Hilda anasema nimerukwa na akili. Nyumba ile ilijengwa na mwasisi wake, tajiri wa sufu, kwa ajili ya wazee maskini wa mji wetu. Siku hizi chini ni makumbusho, juu ni ukumbi wa yoga na wafuma masweta. Kila Siku ya Mwasisi mzee mmoja wa mji huvaa joho jeusi la zamani lenye beji ya fedha, akakabidhiwa mkate mkubwa uani, watu wakapiga makofi. Babu yangu Ezra alikuwa wa mwisho kulivaa kwa haki, kwa umaskini wake mwenyewe, chumba namba mbili. Lakini miaka tisa mfululizo linavaliwa na nani? Neville Gathercole! Fundi saa mstaafu, ambaye babu yake alikuwa na maduka mawili!

Nimesimama mbele ya ubao wa Kanuni za Mwasisi nusu saa nzima. Kanuni ya nne: mzee wa nyumba hii asifuge kuku wala nguruwe. Na uani, mbele ya macho yangu, kuku wawili anaowafuga Neville pale wanachakura maua. Nimetoka nikipiga mluzi.

Jumatano, 18 Septemba

Kikao cha kamati. Nikasimama. Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba ninampenda Neville kama ndugu, ila kanuni ni kanuni, na kuku ni kuku. Neville akatazama viatu vyake. Akasema watoto wa shule wanawapenda wale kuku, hawezi kuwaondoa, basi yeye atakaa pembeni. Hakubishana hata kidogo. Inatia shaka.

Mwenyekiti wetu, Bi. Ackland, alikuwa na bahasha mkononi ambayo hakuifungua. Aliitazama, akanitazama mimi, akairudisha mkobani. Halafu akasema wazo langu limemfurahisha: tuzifuate kanuni zote! Atakayevaa joho aishi kama mzee wa zamani siku tatu kabla ya sherehe, chumba namba mbili, wageni wamwone. Nani anajitolea?

Mkono wangu ulikwisha kupanda kabla sijasikia mwisho wa sentensi.

Hilda kasema, "Kaka, ujanja mwingi mbele giza." Wivu tu.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimehamia. Joho linawasha. Suruali yangu, shati na viatu vimefungiwa kabatini kwenye chumba cha tiketi, eti mwaka 1612, nyumba ilipojengwa, hapakuwa na zipu. Nimepewa viatu vya mbao. Kifungua kinywa: uji wa shayiri bila sukari. Chakula cha mchana: uji uleule, umepoa.

Mlangoni kuna kamba, na nyuma ya kamba kuna watu. Bibi mmoja alimuuliza mumewe kama mimi ni sanamu. Mume akasema hapana, sanamu wangeipaka rangi vizuri zaidi. Nilijizuia, maana kanuni ya pili inakataza matusi.

Sala mara mbili. Magoti yamekufa. Lakini nikiishika beji kifuani namkumbuka babu, namna alivyokuwa akiisugua kwa mkono wa shati kila Jumapili, na nasema moyoni: vumilia, Leonard.

Ijumaa, 27 Septemba

Siku mbaya.

Saa sita mchana njaa ilinishinda. Baa ya Kondoo Mweusi iko ng'ambo ya barabara, na harufu ya pai ya nyama inaingia dirishani bila kubisha hodi. Wageni walikuwa wamekwenda kula. Nikapanda ngazi ya nyuma ili nipite ukumbini, nisionekane chumba cha tiketi. Yoga! Wanawake kumi na wanane wamelala chali, na mimi nakatiza katikati na viatu vya mbao. Nikasema nakagua dari.

Baa. Nikaomba pai. Reg, mwenye baa, akakunja mikono. Akanikumbusha kanuni ya tisa: mwenye kilabu yeyote wa mji huu asimhudumie mtu aliyevaa beji ya Harbottle. Nikamwambia Reg tumesoma pamoja. Akasema ndiyo, na ninyi kamati ndio mmetaka kanuni zote. Baa nzima ikacheka. Nilitamani kuvua joho, lakini chini yake, kwa kweli, hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu.

Kwenye meza ya pembeni, Neville. Hakucheka. Akaikata pai yake katikati, akaifunga nusu kwenye kitambaa, akanitilia mkononi.

"Kula, Len," alisema. "Ule uji haufai hata kubandikia karatasi ukutani."

Mtego! Nani humpa adui yake pai? Nilirudi mbio, nikaikagua nyuma ya banda la kuku, nikainusa, nikaila. Ilikuwa tamu mno. Nusu yake ilinimwagikia kwenye joho, maana niliila kwa pupa. Nikaingia chumbani, nikaketi kitandani, nikajifanya nasali.

Sikuangalia nyuma. Hilo ndilo kosa. Bi. Ackland alipofika na mpiga picha wa gazeti, kuku mmoja alikuwa mapajani mwangu akidonoa beji ya babu, na mwenzake amelala kwenye mto. Bi. Ackland alinyoosha kidole kwenye ubao. Kanuni ya nne.

Suruali nimerudishiwa.

Jumapili, 29 Septemba

Sikutaka kwenda. Hilda alinivuta.

Neville kavaa joho, maana kamati ilimwomba na hapakuwa na mwingine. Akachechemea hadi katikati ya ua, akapokea mkate. Desturi ni kwamba mwenye joho huumega, kipande cha kwanza humpa amtakaye. Miaka yote humpa mkewe. Leo alikuja moja kwa moja kwangu, mbele ya mji mzima, akaniambia, "Hiki ni cha mzee Ezra." Nilishindwa kutafuna. Nilitazama pembeni, kwa sababu ya vumbi.

Baadaye Bi. Ackland akanipa ile bahasha. Barua ya Neville, ya tarehe 14 Septemba. Anaomba apumzishwe kwa sababu ya goti lake, na anapendekeza joho apewe Leonard Sowerby, ambaye babu yake alilivaa kwa haki. Bi. Ackland alisema alikuwa aisome kwenye kikao, ila mimi nilisimama kwanza. Kisha akaona akiisoma baada ya hotuba yangu ya kuku, nitaaibika.

Nimeisoma barua mara tano. Nilikaa kwenye benchi la uani hadi Hilda akaja kuniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimelala, nimeamka, akili imetulia. Mambo yako wazi. Mtu anaandika barua ya wema tarehe 14, akijua fika kwamba tarehe 18 nitasimama kikaoni! Ndipo anakaa kimya ili nijichimbie kaburi mwenyewe. Neville Gathercole ni mjanja kuliko nilivyodhani. Na ile pai!

Mchana nimerudi makumbusho. Nimesoma ubao hadi chini kabisa. Kanuni ya kumi na tatu: mzee mwenye goti bovu asipande ngazi ya kengele. Na kengele ya Krismasi, miaka saba sasa, inapigwa na nani?

Kikao ni Jumatano. Nitasimama wa kwanza.